Ngumi ya Doña Hermila

Kila tarehe kumi na tisa Septemba, saa tano asubuhi, ving'ora vya Jiji la Mexico hulia kwa mpigo, nasi tunatoka nje kwa mistari huku tukicheka. Ni mazoezi ya tetemeko la ardhi, kukumbuka lile la zamani lililoua maelfu. Watu wa maofisini wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa, wanapigana picha, wanaulizana mchana watakula wapi. Mwaka wa tetemeko la pili, miaka saba iliyopita, tulifanya mazoezi hayohayo asubuhi, tukarudi ndani tukijipongeza, na mchana ardhi ikatikisika kweli. Tangu hapo nikisikia ving'ora hivyo nasonya. Jiji zima linaigiza msiba siku ya kuwakumbuka marehemu wake, kisha linaenda kula.

Mimi nauza tlacoyo, mikate ya mahindi ya kujaza maharage, kwenye kona lilipoporomoka jengo la ghorofa siku hiyo. Sasa linapanda jipya. Kwenye uzio wa mabati wamebandika picha ya mwanamke anayekunywa mvinyo barazani kwake, anacheka meno yote nje. Hapo anapochekea ndipo alipofia Yadira.

Yadira alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda kidogo cha nguo ghorofa ya pili, mtoto wa pekee wa bi mkubwa wetu, doña Hermila. Siku zile tulichimba kwa mikono na ndoo. Mtu akiinua ngumi, wote tuliganda palepale. Magari yalizimwa, waliokuwa wakilia walijiziba midomo, ili aliye chini ya kifusi asikike akiita. Na aliyeinua ngumi ndiye wa kuishusha, hakuna mwingine. Hilo halikuandikwa popote, lakini hapa mjini hata mlevi analijua.

Siku ya tatu wakubwa wakaleta matingatinga. Hermila aliwashika miguu. Alisema amesikia mtu akigonga, akaomba wanyamaze mara moja zaidi, ya mwisho. Bwana mmoja mwenye kofia mpya ya chuma akamjibu kwamba vyombo vimeshapima na hakuna aliye hai. Mashine zikaingia. Yadira alitolewa kesho yake, na daktari akasema alikufa papo hapo, dakika ileile ya tetemeko. Labda ni kweli. Lakini mwaka wa saba huu Hermila hajui kama mwanawe aliuliwa na tetemeko au na tingatinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tulikuwa tukimpa pole na kahawa.

Basi mwaka huu tulikusanyika kama kawaida kwenye uzio, ndugu wachache na maua meupe, tukingoja saa saba na dakika kumi na nne, dakika ileile ya tetemeko. Ndani ya uzio mashine ya zege ilikuwa ikinguruma. Na akaja mheshimiwa Urquiza wa ofisi ya wilaya, viatu vinang'aa, na mpiga picha nyuma yake. Alikuja kuzindua kibao cha kumbukumbu, kimepachikwa pembeni, karibu na mlango wa kuegeshea magari.

"Mama Hermila, pole sana," alisema. "Lakini yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele ninayo mimi, mheshimiwa," Hermila akamjibu. "Naomba kitu kimoja tu. Waambie wazime mashine."

"Zege limeshachanganywa, mama. Likiganda, kampuni itanila nyama. Usijali, nina kipaza sauti, mtanisikia vizuri tu."

"Nani kakwambia tumekuja kukusikiliza wewe?" nikamwuliza.

Akacheka kama mtu aliyetaniwa na shangazi yake. "Dada, tlacoyo zako zinanukia. Nikimaliza hotuba utanifungia mbili."

"Nitakufungia. Za kwako zitakuwa na pilipili ya peke yake."

Mpiga picha akalalamika kwamba picha zimepooza, watu wamesimama tu kama wanangoja basi. Urquiza akafikiri kidogo, kisha akamgeukia Hermila kwa sauti ya asali.

"Mama, hebu inua ngumi. Kama siku zile. Watu wanaipenda sana hiyo."

Sijui siku zile yeye alikuwa wapi. Mtu aliyeshika ndoo angeuma ulimi kabla ya kutamka hivyo. Hermila alimtazama, akaweka maua chini, akainua ngumi.

Juu ghorofani fundi mkuu, Rutilio, aliiona. Alipiga mluzi mmoja, akainua ya kwake, na mafundi wote wakafuata. Mashine ya zege ikazimwa. Dereva wa basi kwenye taa akazima injini. Muuza gesi akakatiza wito wake katikati. Mimi nikazima moto chini ya kikaango.

Urquiza alitabasamia kamera, akasogea kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi..."

Mtaa mzima ukamgeukia. Mpiga picha wake mwenyewe alikuwa ameshaning'iniza kamera shingoni na kuinua mkono. Mheshimiwa akafumba mdomo.

Hermila akapiga magoti penye mwanya wa uzio, akalaza sikio kwenye zege la msingi, mkono bado uko juu. Ulipochoka nilikwenda nikamshika kiwiko. Injinia alitoka akawa anatuonyesha saa yake. Hakuna aliyemjali. Nilisikia Hermila anavyopumua, na nilitamani kulia lakini sikuthubutu, maana kulia nako ni kelele.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko tulivyowahi kupewa siku zile. Kisha akashusha mkono, nami nikamwinua.

"Hakuna mtu," aliwaambia mafundi, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Endeleeni na kazi, wanangu."

Mashine ikanguruma upya. Urquiza akasoma hotuba yake yote, tuliona midomo tu ikicheza, naye hakuacha kwa sababu kamera ilikuwa imerudi kazini. Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja.

Nilimkalisha Hermila kwenye kigoda changu, nikampa kahawa. Upande mmoja wa uso ulikuwa na vumbi la saruji, na hakutaka nimfute.

"Umesikia nini?" nikamwuliza.

"Sikusikia kitu." Alizungusha kikombe mikononi bila kunywa. "Siku ile pia, Chabela, hata wangeninyamazia, huenda nisingesikia kitu. Ningewaambia mimi mwenyewe walete matingatinga yao."