Chombo cha Maziwa Kwenye Rafu

Siku tatu nzima Idil alipigana na harufu, na siku ya tatu akaishinda. Laiti angeshindwa. Lakini nani angemwonya? Watu wa nyumba ile walikuwa na ugonjwa wa kutoambiana mambo, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Yote yalianza na mapazia ya Deka. Deka alikuwa jirani wa mlango wa pili, na wiki ya mwisho ya Ramadhani, Garissa ikiwa imechachamaa kwa kupamba nyumba upya, alitundika mapazia mapya ya rangi ya dhahabu yenye vishada, akatandika zulia la Uturuki, akasimamisha maua ya plastiki marefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Kisha akamwita Idil aje aone. Idil akasifu, maashallah, maashallah, akatoka na tabasamu lake hadi mlangoni kwake, akalivua hapo. Mapazia hayo hayo alikuwa ameyaona nyumba nne. Zulia hilo hilo pia.

"Idi ikifika, ukipotea njia ukaingia nyumba isiyo yako, utakula halua na kuondoka bila kujua," akamwambia mumewe, Yahye.

Yahye, karani wa ofisi ya kaunti na mtu asiyependa ubishi akiwa na saumu, alicheka kidogo, akaendelea na simu yake.

Idil alitaka nyumba inayowataja wenyewe. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wanavyopamba kwa vitu vya nyanya zao, masanduku, vikapu, taa za mafuta, na nyumba inakuwa na uso. Tena alikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Mama mkwe wake, Rahmo, alikuwa anakuja kutoka Eldas kula Idi kwao. Hawakuwa wameonana tangu harusi. Siku hiyo Rahmo aliushika mkono wa bi harusi, akaugeuza kiganja juu, akasema mbele ya wanawake wote, "Mkono laini. Huyu wa mjini Islii maziwa anayajua ya pakiti." Wanawake wakaangua kicheko. Idil naye akacheka, kwa sababu angefanya nini? Lakini neno lile lilimkaa rohoni mwaka mmoja na nusu.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Kwao, mama humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye. Mtoto husema hooyo, yaani mama, na mama naye hujibu hooyo. Rahmo alimwita Yahye hooyo kila alipopiga simu. Lakini Idil, Rahmo alimwita mke wa Yahye. "Mke wa Yahye hajambo?" Hivyo tu. Na Idil, aliyefiwa na mama akiwa na miaka tisa, alilitamani neno lile kuliko alivyoweza kukiri mbele ya mtu. Akasema moyoni: akiingia akakuta maisha yake yako ukutani kwangu, ataniita hivyo.

Stoo kulikuwa na sanduku la bati la Rahmo. Alilituma kwa lori baada ya ukame uliommalizia mifugo, alipofunga boma lake na kuhamia kwa kaka yake Eldas mjini. Idil akaomba ruhusa, msimlaumu kwa hilo.

"Chukua," akasema Yahye. "Vitu vya kale tu hivyo, vinakula vumbi bure."

Ndani ya sanduku akakuta mikeka ya aqal, ile nyumba ya wafugaji inayofungwa mgongoni mwa ngamia, imesukwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Akakuta kengele ya ngamia ya mti, chetezo cha udongo chenye mdomo uliomeguka na egemeo la kichwa. Chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya shuka ya maua na kufungwa mafundo matatu, kilikuwa chombo cha maziwa. Dhiil, wanavyokiita wenyewe, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi zilizobana hivi kwamba hata tone halipiti, na juu yake kifuniko kirefu kama kikombe kimefungwa kwa ukanda wa ngozi. Idil alikipenda palepale. Akaufungua ukanda, akainua kifuniko.

Harufu ikamrukia. Moshi, moshi mzito, na ndani yake kitu kitamu kidogo kilichochacha. Akakohoa hadi machozi yakamtoka, maana saumu nayo ilikuwa imemkausha koo. Akachungulia ndani: kweusi tititi, masizi yameganda kila mahali. "Subhanallah," akasema peke yake, "watu wameweka chombo bila kukiosha."

Basi akakiosha. Siku ya kwanza kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akisugua kwa brashi ya chupa mpaka mkono ukamuuma, maji yakitoka meusi. Siku ya pili kwa dawa ya madoa, akakiacha juani kwenye paa. Jioni akanusa, bado. Siku ya tatu akarudia yote mawili, akasuuza mara tano kwa maji ya kununua, ya mkokoteni wa punda, akaanika tena. Adhuhuri akaingiza pua ndani, akasikia sabuni tu. Akafurahi. Akakipaka vanishi ndani na nje, kikang'aa.

Kifuniko ndicho kilichomshinda. Ukanda wake ulikuwa umekatika alipoufungua, na yeye alitaka kutia maua makavu kwenye chombo, kifuniko cha nini? Akakiviringisha ndani ya ile shuka, akaipiga fundo, akakitupa chini kabisa ndani ya sanduku, akasahau.

Na sebule ikapendeza, kusema kweli. Mkeka wa aqal ukutani, kengele juu ya mlango, chetezo mezani, na kwenye rafu ya katikati, chini ya taa ndogo za kumetameta, dhiil na maua yake. Deka aliingia siku ya mwisho ya kufunga, akasimama kwenye zulia kinywa wazi.

"Idil, umetundika mkeka wa kubebeshwa ngamia ukutani? Mama mkwe anakuja, mtu anakuja kutoka porini, unamwonyesha pori?"

"Ngoja uone," Idil akasema.

Rahmo alifika alasiri ile ile, vumbi la njia ya Wajir likiwa bado kwenye mtandio wake. Idil alikuwa ameegemeza simu kwenye jagi la maji, kamera imewashwa, ili ainase furaha ya mama mkwe. Ndiyo mambo ya siku hizi.

Rahmo aliingia akitanguliza mguu wa kulia na bismillahi. Akaona mkeka. Akasimama. Akausogelea, akapitisha vidole kwenye nyuzi nyekundu, na uso wake uliokuwa umekaza kwa safari ukalegea kabisa. "Huu niliusuka nikiwa na mimba ya Yahye," akasema. Rahmo akaiona kengele, akaitikisa, akacheka, kicheko hasa. Kisha akageuka, akaiona rafu.

Kicheko kikakatika katikati. Mkono wake ulibaki juu, palepale kwenye kengele, kengele yenyewe ikiendelea kulia taratibu. Idil alidhani ni furaha imezidi. Maskini, alidhani hivyo.

"Kimefunguliwa," Rahmo akasema.

"Ndiyo, Hooyo. Nimekisafisha vizuri."

"Umekisafisha na nini?"

"Sabuni, Hooyo. Na dawa ya madoa. Kilikuwa cheusi ndani, wallahi usingeamini. Siku tatu nzima nimekisugua. Sasa hata harufu haipo, njoo unuse."

Na alikitoa kwenye rafu, akachomoa maua, akampelekea kwa mikono miwili. Rahmo alikipokea. Akaingiza uso ndani, akavuta pumzi ndefu, akakaa hivyo. Alipouinua uso, ulikuwa umezeeka. Akakaa chini sakafuni na buibui lake la safari.

Yahye akaruka kumshika. "Hooyo, ni saumu? Ni joto?"

"Ameniosha," akasema Rahmo, kama mtu anayezungumza na ukuta. "Mke wako ameniosha mimi."

Hapo ndipo Idil alipopatwa na baridi miguuni, Garissa, saa kumi ya jua kali. Hakuelewa kosa, lakini alielewa kwamba amelifanya. Akajitetea kwamba alitaka kukipendezesha tu.

"Dhiil haioshwi kwa maji," Rahmo akasema. "Inaoshwa kwa moto. Unaingiza kijinga chenye makaa ndani, unatikisa, unafunika, moshi unafanya kazi. Huo weusi uliosugua ndio usafi wenyewe. Hukufundishwa hata hilo?"

Idil hakufundishwa. Angefundishwa na nani, gorofa ya nne Islii?

Yahye, kwa nia njema, akaharibu zaidi. "Basi, Hooyo, ni chombo tu. Kesho kutwa naenda sokoni Mugdi nakununulia kingine, viko tele."

Rahmo alimtazama mwanawe kwa mshangao mkubwa kuliko ule wa kwanza. "Wewe kweli hujui? Hiki ni cha Hinda."

Hinda alikuwa dada yake Yahye. Idil alimjua kwa jina tu, kwa sababu alifariki kabla ya harusi yao, mwaka ule ule wa ukame, uchungu wa uzazi umemshika, gari limezama mchangani kabla ya kufika Wajir. Yeye na mtoto. Picha yake haikuwepo. Hakupenda kupigwa picha, na ile moja ya kitambulisho iliondoka na kitambulisho chenyewe siku walipoandikisha kifo ofisini.

"Asubuhi ile alikuwa anasikia uchungu na hakuniambia," Rahmo akasema. "Alikaa kando ya jivu akakifukiza, kwa mti ule alioupenda yeye, akafunika. Akasema, Hooyo, jioni tukamie humu. Jioni ile nilimzika. Kila mwanamke ana moshi wake. Sisi tulikuwa tukinywa maziwa tunajua leo amefukiza nani. Nilikifunga ukanda na sikukifungua. Nilikifungua mara moja tu, nikamsikia, nikafunga haraka. Kwa kaka yangu kuna wake na watoto, wangekitia maziwa. Nikasema nikilete kwa Yahye. Kwa Yahye hakuna anayekama, hakuna atakayekigusa." Akaifuta shingo ya chombo kwa ncha ya mtandio, kama anayetoa vanishi. "Nimesafiri siku mbili ili nikifungue leo. Idi hii nilitaka nimsikie mwanangu."

Yahye aliketi kwenye kochi, akafunika uso kwa mikono. Idil alibaki wima. Siku tatu! Siku tatu alikuwa akimtoa mtu nyumbani kwa brashi ya chupa, akimmwaga kwenye mtaro wa maji machafu, tena akiimba. Aliona maji yale meusi yakishuka. Akataka kuomba msamaha. Msamaha wa jambo kama hili unaanza na neno gani?

Pembeni simu ilikuwa bado inarekodi. Akaiona, akaona haya mpaka masikioni, akaizima.

Na alipoizima macho yake yakaangukia shingo tupu ya chombo, mikononi mwa Rahmo. Haikuwa na kitu juu yake.

Alikimbia. Yahye alidhani amekimbilia chumbani kulia. Alikwenda stoo, akapiga magoti mbele ya sanduku, akatupa nje magunia na mapazia ya zamani, akafika chini, akaipata ile shuka ya maua. Hakuifungua. Aliogopa kuifungua. Aliibeba kifuani hadi sebuleni, akakaa sakafuni mbele ya mama mkwe, akaiweka mapajani mwake.

"Hiki sikukiosha," akasema. "Ukanda wake ulikatika nikakiona hakifai. Nilikitupa, Hooyo. Sikukiosha."

Rahmo alifungua fundo polepole. Kifuniko kilikuwa vilevile, ndani cheusi tititi. Hakukileta puani mara moja. Alikishika kwa muda, na Idil hakuthubutu kupumua, kwa sababu kama hakuna kitu mle, basi hakuna tena popote.

Rahmo akainamisha uso. Mabega yake yakapanda, yakakaa juu, yakashuka. Alilia bila sauti, machozi yakidondoka pembeni, uso ameugeuza ili hata tone lisiingie ndani.

"Yupo," akasema.

Akampa Yahye, naye akanusa mara moja, akatoka nje haraka, na wakamsikia akifungua bomba uani, akilifunga, akilifungua tena. Rahmo akakirudisha kwenye shuka, akafunga fundo la kwanza. Halafu akasita. Akamtazama Idil, mkono ule laini umechubuka vifundo vyote kwa kusugua, umepauka kwa dawa. Akaushika mkono ule, akaugeuza kiganja juu, kama siku ile ya harusi. Akalifungua tena fundo.

"Hukuwahi kumwona," akasema. Akamsogezea kifuniko mpaka karibu na pua, akakikinga kwa kiganja chake mwenyewe ili upepo wa feni usikiguse. "Njoo umjue. Lakini kidogo tu, hooyo. Usimmalize."