Mizigo Nayo Itapanda

Kila mwaka, kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli kiliwapeleka wafanyakazi wake kupanda mlima, na picha ya kileleni ilitundikwa mlangoni, palepale pa kusaini zamu. Kibonge alikuwa na miaka miwili katika nchi ile ya watu, na katika picha zote mbili hakuwamo. Jina hilo alipewa na mama yake tangu utotoni, na umbo lake halikuwahi kulikana. Kila akitumiwa picha, mama alipiga simu.

"Wenzako nimewaona. Wewe uko wapi, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyepiga, mama."

Uongo mtupu. Wenzake walipokuwa kileleni, yeye alikuwa chini getini, amekalia jiwe, analinda chakula cha watu. Meneja alimwacha pale kwa upole, eti asije akachoka bure. Upole ule ulimkera kuliko tusi, lakini kumdanganya mama ndiko kulikomnyima raha.

Mwaka wa tatu, getini, meneja alianza tena. "Dada, wewe kama kawaida. Utabaki na mizigo."

"Mizigo nayo itapanda."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni fundi wa pasi. Kibonge akatia pamba masikioni. Akatoa shuka kuukuu, akalitandaza chini, akapanga mikate, mayai ya kuchemsha na chupa za maji, kisha akafunga na kujitwisha mgongoni, fundo kifuani. Hivyo ndivyo alivyobeba mashuka yaliyolowa kila siku, kutoka mashineni hadi kamba za kuanikia juu ya paa, ghorofa nne. Lifti ilikuwa imekufa. Meneja aliahidi itatengenezwa wiki ijayo, na wiki hiyo ilikuwa inatimiza mwaka.

"Hutafika," meneja alisema.

"Tangulieni."

Wakatangulia, tena mbio, kila mmoja na kichupa chake kimoja cha maji. Yeye akapanda mwendo wa kazini: hatua kumi na tisa, anasimama, anavuta pumzi, kumi na tisa tena. Ngazi za kila ghorofa zilikuwa kumi na tisa, na miguu yake haikujua hesabu nyingine.

Penye mawe makali mzigo ulianza kumlemea. Hapo alimkuta fundi wa pasi ameketi, ameshika ubavu, kicheko chote kimemwisha.

"Tua mzigo, dada, turudi wote. Nani atakulaumu?"

Maneno hayo yalimwingia. Alitamani kutua, akakaribia hata kulishika fundo. Kisha akaisikia sauti ya mama: wewe uko wapi?

"Rudi wewe," alisema, akampa maji. Fundi akanywa, akaona haya, akamfuata nyuma kwa hesabu ileile.

Kileleni waliwakuta wenzao wamelala chali, njaa imewatoa macho. Meneja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. "Chakula hicho!"

Kibonge akatua mzigo, akaukalia. "Picha kwanza."

"Sawa, sawa." Meneja akavua kamera shingoni na kumnyooshea yeye. "Haya, tupige."

Hakuinua mkono. "Leo unapiga wewe."

"Mimi ndiye meneja!"

"Na mimi ndiye niliyekalia mayai."

Watu wakacheka tena, ila safari hii hawakumcheka yeye. Tumbo la meneja likanguruma, kila mtu akasikia. Akarudi nyuma hatua tatu na kuiweka kamera jichoni. Kibonge akajitwisha mzigo wake upya, akasimama katikati.

Jumatatu picha haikuonekana mlangoni. Meneja alisema misumari imekwisha. Jumanne Kibonge alikuja na msumari wake na nyundo, akaichukua picha ofisini na kuitundika mbele ya zamu nzima, naye meneja akapita akielekea ngazini, maana lifti ilikuwa bado imekufa.

Jioni mama akapiga simu.

"Nimekuona, Kibonge wangu. Uko katikati kabisa! Safari hii nani kapiga?"

"Meneja."

"Na zile mbili za nyuma?"

Kibonge akaihamishia simu sikio la pili.

"Wewe ukipiga picha huwakata watu vichwa," mama alisema. "Zile zina vichwa vyote; nilijua tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nangoja tu siku utakayopanda."