Wa Arobaini na Moja

Jumatatu saa nne asubuhi swichi kubwa ya kituo cha data, mtambo unaopitisha jumbe na simu za mji, ilizidiwa, na jumbe zilizokosa nafasi zikaanza kutoka kwenye kabati lake na kusimama ushorobani. Kila ujumbe ulikuja na sura ya aliyeutuma na nguo alizokuwa amevaa wakati wa kuutuma. Walijipanga kimya, midomo ikirudiarudia maneno yasiyo na sauti. Fundi wa zamu, mwanamke ambaye kazini walimwita Shubiri kwa sababu ya ulimi wake, alivaa koti la baridi, akaanza kuhesabu vichwa.

Ushoroba ulichukua arobaini. Wa arobaini na moja alitolewa kwa mlango wa nyuma, awe yeyote yule, na huko uani jua likamyeyusha. Kanuni hiyo aliiandika Shubiri mwenyewe, na alijisifu kwamba haina upendeleo. Kanuni ya pili ilikuwa ya adabu: aliyetolewa, akitumwa tena, arudi kesho yake akiwa nusu ya kimo, ili njia ipumue. Wote waliifuata isipokuwa kampuni ya kamari, mteja wa daraja la dhahabu. Watu wake walikuwa wanene, wamevaa fulana za njano, na walipita mbele ya foleni wakikanyaga miguu ya wenzao. Kila walipoambiwa wapunguze, waliongezeka.

"Hawa ndio wanaoziba njia," Shubiri alimwambia meneja.

"Hao wana mkataba. Wewe shughulika na wasio na mkataba."

"Wasio na mkataba hawana kosa."

"Ndiyo maana wakiambiwa wanasikia. Fanya kazi, dada."

Saa tano kasorobo akatokea kaka yake Shubiri, kimo kizima, shati la kijivu lisilopigwa pasi. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili, tangu kaka alipomwambia mbele ya ukoo mzima kwamba amemtelekeza mama yao mgonjwa kwa ajili ya mashine za kupuliziwa baridi. Siku ile Shubiri aliapa hatamtafuta mpaka atafutwe. Sasa alikuwa anatafutwa, na alisikia raha chafu moyoni kumwona mbabe yule akipanga foleni. Kusoma midomo ya jumbe kulikatazwa, na kwa mara ya kwanza alilipenda katazo hilo. Akageuza uso, akahesabu, akafika arobaini na moja. Akamshika kaka yake bega, akamtoa nje. Bega lilikuwa la moto.

Simu aliyokuwa akiitafuta kaka mtu ilikuwa mfukoni mwa koti la Shubiri, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama. Lakini ujumbe haufiki kwa kutembea. Lazima upite kwenye swichi.

Jumanne alirudi, kichwa kikimfika Shubiri kiunoni. "Ngoja aonje," Shubiri alijisemea, akamtoa. Jumatano alirudi akimfika magotini, shati lile lile, safari hii analia. Shubiri aliona ni hila, maana machozi ya kaka yake tangu utotoni yalikuwa karibu. Akamshika ukosi wa shati, akamtoa.

Meneja alipita na tableti yake, uso umekunjuka.

"Umeona? Msongamano umeshuka kwa nusu."

"Umeshuka kwa sababu watu wamekuwa wadogo."

"Umeshuka. Jifunze kupokea sifa."

Alhamisi kaka hakuzidi kikombe cha chai. Fulana moja ya njano ilikuwa imeinua mguu juu yake, Shubiri alipopiga magoti kumwokota, na kwa ukaribu ule hakuweza kukwepa midomo ya kaka. Ujumbe ulikuwa umebaki neno moja.

"Mama."

Hasira ya miaka miwili ikamtoka yote kwa mara moja, hofu ikakaa mahali pake. Akamweka kaka yake kiganjani, akaenda naye hadi mbele, akajaribu kumpenyeza kwenye tundu la swichi. Fulana ya njano ikapita kwanza. Ikapita nyingine, na nyingine.

"Mrudishe mahali pake," meneja alisema kutoka mlangoni.

"Ni kaka yangu huyu! Mama yetu..."

"Kila mtu humu ni kaka wa mtu. Kanuni uliandika wewe, si mimi."

Shubiri akamrudisha sakafuni, akatoa simu, akampigia kaka mwenyewe. Simu zote za mji zilipita kwenye swichi ile. Haikuita. Kabati likafunguka, akatoka Shubiri mwingine, koti lile lile, simu sikioni, akaenda kusimama nyuma ya wote. Meneja akahesabu kwa kidole.

"Arobaini na moja."

Mwosha huoshwa, ila kwa kawaida huoshwa na mwingine. Shubiri akajishika bega, akajitoa nje. Yule aliyetolewa hakubisha. Aliendelea kusema "kaka, kaka" bila sauti mpaka jua likammaliza.

Shubiri akavua koti, akaondoka bila ruhusa. Safari ya basi ilichukua muda wa saa sita.

Alimkuta kaka yake nje ya nyumba ya mama, kimo chake kizima, akipanga viti vya kukodi.

"Tumemzika mchana," kaka alisema. "Tulikusubiri, tukachoka. Alikuwa anakuulizia mpaka jana asubuhi. Nimekutumia ujumbe siku nne."

Shubiri angeweza kusema mtandao ulikuwa mbaya. Watu husema hivyo kila siku na husamehewa.

"Nilikuona," alisema. "Tangu Jumatatu nilikuona, kaka. Nikakutoa mimi mwenyewe."

Kaka hakuuliza alimwona wapi. Alimtazama taratibu kuanzia miguuni hadi kichwani, akabeba kiti cha mwisho, akaingia ndani. Shubiri akasikia komeo likisukumwa.

Hapohapo simu ikatetemeka. Ujumbe wa meneja, daraja la dhahabu, ulikuwa umefika bila kuchelewa hata sekunde: "Kituo kizima ni kijani, hakuna msongamano. Kampuni mbili zaidi za kamari zimepewa njia. Kesho saa mbili uwe kazini."

Shubiri aliusoma mara mbili, amesimama uani. Kisha akaandika, "Sawa," akautuma.