Ukoko wa Kamaldine

Mjini Kasongo, ukitaka kujua unavyopendwa mtaani kwako, usihesabu salamu. Salamu hazina kodi, hata adui atakupa mbili. Wewe omba sufuria ya harusi, ndipo utajua.

Safia aliomba sufuria wiki nzima, na wiki nzima alirudi nyumbani mikono mitupu, akicheka. Ndiyo, akicheka. Binti yake Nuru alikuwa anaolewa Ijumaa, na mama anayeozesha hana budi kucheka, hata kama sufuria zote za mtaa zimeugua siku moja. Kwa jirani wa kwanza sufuria ilikuwa imetoboka. Ya pili ilikuwa imeazimwa na binamu, na huyo binamu amesafiri. Ya tatu ilikuwa Kindu.

"Kindu?" Safia aliuliza. "Sufuria imeenda Kindu kufanya nini?"

"Kutembea," jirani akajibu, huku akiviangalia vidole vya miguu yake.

Mtu mmoja tu alikubali, naye ni Régina, mfanyabiashara aliyehamia hapo kutoka Bukavu. Alitoa sufuria yake kubwa kwa moyo mweupe kabisa. Tatizo ni kwamba ndiyo aliyokuwa akichachushia kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwao, na harufu yake ingetosha kumlewesha imamu kabla hajamaliza dua. Safia alimshukuru, akamkumbatia, akamrudishia.

Haya yote yalianza na Kamaldine, kifungua mimba wa Safia. Asubuhi moja kijana huyo alipakia gunia la mchele kwenye baiskeli, akashika njia ya Salamabila, upande wa Kabambare, ambako wachimba dhahabu hununua chochote kinacholiwa. Hakufika, wala hakurudi. Baiskeli haikuonekana, gunia halikuonekana. Baba yake, Faradji, fundi baiskeli, aliifuata njia ile mara nyingi hata mbwa wa vijiji vya njiani wakaacha kumbwekea. Kila alipouliza, watu walitikisa kichwa.

Sasa, katika mwezi uleule nyumba yao ikaezekwa mabati. Mabati yalikuwa yameagizwa zamani, Kamaldine mwenyewe akiwa amekaa hapo anachagua rangi, ila barabara zetu mnazijua. Yalikwama njiani misimu miwili, yakafika wakati mbaya kuliko wote. Lakini nani atakaa kusikiliza habari za barabara? Mtaa uliona mtoto ametoka na mabati yameingia. Wakasema wazazi wamemtoa kwa watu wa mgodi, eti dhahabu haitoki mpaka ardhi inywe damu. Polisi walikuja, wakamhoji Faradji, wakachimba uani palipokuwa na udongo mpya. Walikuta kile ambacho mtu yeyote hukikuta akichimba choo. Wakanawa, wakaenda zao, na kesi ikalala hadi leo.

Mwaka wa tatu sasa. Hakuna aliyemtukana Safia. Walimsalimu, walimuuliza hali, ila hakuna aliyetia mdomoni hata punje ya kitu kilichotoka jikoni kwake. Na lilikuwepo jambo jingine lililomuuma zaidi ya hilo. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na tangu ujana wake Safia alikuwa Mama Kamaldine. Baada ya yale yaliyotokea akawa Mama Nuru. Hakuna aliyetangaza. Jina lile liliachwa tu, mdomo mmoja baada ya mwingine, na kila alipoitwa Mama Nuru aliitika vizuri. Ilikuwa ni kama mtaa mzima umemzika mwanawe bila kumwalika mazishini.

Basi akatokea Muzaliwa, muuza samaki wa Nyangwe, kijana mcheshi mwenye meno yake yote, akampenda Nuru. Ukoo wake nao ulikuwa umesikia habari. Shangazi yake alipokuja kwa ajili ya mahari hakuzungusha maneno.

"Dada," alimwambia Safia, "miye sina maneno mingi. Nitakuja siku ya ndoa, nitaangalia kama watu wa kwenu wanakula kwenu. Wakikula, na miye nitakula. Wasipokula, tutapanda pikipiki zetu, tutarudia Nyangwe na mutoto wetu."

Safia hakumchukia kwa hilo. Alimpenda kidogo, hata. Ni mtu wa kwanza aliyemwambia jambo lile usoni.

Lakini harusi ya mtaa ule haipikwi na mtu mmoja. Kila mwanamke huja na sufuria yake na mwiko wake, na juu yao wote yuko mmoja mwenye chumvi. Mwenye chumvi alikuwa Mama Bulaimu, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya Lualaba, aliyetenganishwa na Safia na ua wa matete tu. Tangu watu wakumbuke, hakuna wali wa harusi uliotiwa chumvi pale kwa mkono mwingine. Na huyohuyo Mama Bulaimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama yale mabati na kusema, "Hmm." Hakusema zaidi ya hapo. Ile "hmm" yake ilitosha, iliingia nyumba zote. Kwa hiyo Safia alipozunguka kuomba sufuria, mlango wa Mama Bulaimu aliupita.

"Mama Kamaldine," Faradji alimwambia, maana yeye hakuacha kumwita hivyo, "achana na wao na sufuria zao. Nitakutengenezea ya kwetu."

Akachukua pipa lililokuwa na mafuta ya mawese, akalikata katikati kwa patasi, akalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Alikuwa na furaha kama mtu aliyevumbua moto. Safia alitazama lile nusu pipa, akatazama uso wa mumewe, akakosa moyo wa kumwambia kwamba pipa si sufuria.

Ijumaa ikafika. Safia aliweka mafiga mbele ya nyumba, ukingoni mwa barabara, kila mpita njia aone maji yanayoingia, mchele unaoingia na nyama inayoingia. Kama kuna mtu anataka kuchungulia siri ya chungu, leo aje achungulie bure. Ndani Nuru alikuwa amekaa na hina mikononi, haruhusiwi kugusa kitu, akiimba kwa sauti na kutoa ushauri dirishani ambao hakuna aliyeuomba. Faradji alipepea moto kwa kipande cha katoni. Wapanda pikipiki walipunguza mwendo kumwangalia mwanamume mzima anayepika, naye akawapungia mkono.

Nyuma ya kila ua kulikuwa na macho. Safia aliyajua, hata yale ya kwa Mama Bulaimu. Matete hayafichi mtu mnene.

Yeye alikuwa mpishi mzuri, asidharauliwe. Ila alikuwa mpishi wa nyumba, si wa harusi, na hajawahi kupikia kwenye bati. Chini ya pipa palikuwa pembamba, Faradji naye alikuwa akipepea kwa mapenzi kuliko kwa akili. Punde si punde harufu ikapanda. Safia akafunua, akatia mwiko. Juu mchele ulikuwa bado una kiini, chini ulikuwa unaungua. Akataka kuongeza maji, akasita. Akataka kukoroga, akasita. Jua lilikuwa limeshapanda, baada ya swala wakwe wangefika, na chakula chote cha harusi ya mwanawe kilikuwa ndani ya pipa lile kikigeuka mkaa. Hapo ndipo kicheko cha wiki nzima kilipomwishia. Alisimama na mwiko mkononi na machozi yakamtoka, na hakuweza kuusingizia moshi.

Faradji alipoona machozi, akapepea zaidi.

Ua wa matete ukalia, kisha ukaanguka. Simaanishi ulifunguliwa. Uliangushwa.

"Mama Kamaldine!" Sauti ile ilifika sokoni. "Mama Kamaldine! Uko unafanya nini na ile muchele? Usikoroge! Ukikoroga unaua yote! Na weye, Baba Kamaldine, tupa ile katoni! Toa kuni! Toa kuni zote!"

Mama Bulaimu alikuwa amevuka akiwa na khanga moja, bila viatu, amekunja uso kama mtu aliyeibiwa. Kwa kweli alikuwa ameibiwa. Huu ulikuwa wali wa harusi, mtaani kwake, na ulikuwa unaungua mbele ya macho yake. Angeweza kuvumilia kumshuku mtu miaka mitatu, lakini hilo lilimshinda. Alimnyang'anya Safia mwiko, akachota wali wa juu, akautia kiganjani, akautupia mdomoni kama alivyofanya katika kila harusi ya maisha yake.

Akatafuna. Akameza.

Vichwa vikachomoza juu ya kila ua. Nuru akachungulia dirishani. Mama Bulaimu naye akajikuta amesimama na mkono mdomoni, akatambua kwa pamoja alichokula na jina aliloita. Alimwangalia Safia, na Safia akamwangalia. Kazi ikamwokoa mwenye kazi.

"Chumvi haitoshi," akasema Mama Bulaimu.

"Mama Bulaimu," Safia akauliza polepole, "uko unakula kwangu?"

"Sili. Niko naonja." Akachota tena, akaonja tena, mara hii na kipande cha nyama. "Lazima mutu aonje vizuri." Kisha akageuka, akaupigia kelele mtaa: "Munaangalia nini? Ile ya juu inapona kama tunaihamisha sasa hivi! Leteni sufuria!"

Ungeona muujiza. Sufuria iliyotoboka ilikuja imepona. Ile ya binamu msafiri ilitoka chumbani, imefunikwa shuka. Mwenye sufuria ya Kindu alikuja mbio, yake ikiwa kichwani.

"Karibu," Safia alimwambia. "Kindu wazima?"

"Wazima tu," yule mama akajibu, na akacheka kwa aibu mpaka akalazimika kuishusha. Na Safia akacheka, kicheko cha kweli sasa, kile cha zamani kinachomfanya ashike magoti. Régina akaja na sufuria yake iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu, na Mama Bulaimu akanusa, akatoa hukumu kwamba hii ibebe maji ya kunawa.

Wakahamisha wali wa juu bila kugusa wa chini. Mafiga yakaongezeka, barabara ikazibwa, wapanda pikipiki wakalalamika, wakapewa nyama, wakaacha kulalamika. Mama Bulaimu alitembea kutoka sufuria hadi sufuria akitia chumvi na kuonja, na aliyemwona akionja alionja, na aliyeonja alirudia. Shangazi wa Nyangwe aliposhuka kwenye pikipiki, alikuta mtaa umeshiba nusu kabla ya wageni. Alisimama akahesabu midomo inayotafuna. Halafu akavua viatu, akakaa mkekani katikati ya wanawake.

"Miye munaninyima?" akasema. Wakampakulia hadi akaomba msamaha.

Nuru aliolewa. Alitoka na hina yake na manukato yake, Muzaliwa akamwangalia kwa namna iliyowafanya wazee waangalie pembeni, na vigelegele vikapigwa mpaka Régina, ambaye kwao havipigwi hivyo, akajifunza palepale. Safia alicheza. Mtu wa huku alimwita Mama Kamaldine, na wa kule akamwita Mama Kamaldine, leta sahani, Mama Kamaldine, shika mtoto huyu. Aliitika kila mara. Mara nyingine alijifanya hakusikia, ili aitwe tena.

Jioni, wageni walipoanza kuaga, Mama Bulaimu aliinama ndani ya lile pipa na kisu. Chini kulikuwa na ukoko ambao mtaa ule haujawahi kuuona, mwekundu, mnene, mpana kama kiti. Watoto walikuwa wamepanga foleni, maana ukoko wa harusi ni haki yao. Akawagawia kipande kwa kipande. Alipofika kwenye kile kizuri cha katikati, akawazuia kwa kiwiko.

"Hii hapana."

Akakikunja kwenye pembe ya khanga, akamwendea Safia aliyekuwa ameketi kizingitini akipumzisha miguu. Hakuketi. Alisimama akiangalia ua wake ulioanguka.

"Hii ni ya Kamaldine," alisema. "Ile mutoto alikuwaka haachi ndoa ipite bila kuniomba ukoko. Hata ndoa za watu yeye hawajui, alikuwaka anakuja."

Safia akatazama kile kipande. Hakuna aliyejua Kamaldine alipo. Shangwe zote za siku ile hazikuongeza habari hata moja, naye alilijua hilo vizuri.

"Itakauka, Mama Bulaimu."

"Ikauke. Ukoko mukavu haiozi. Siku anafika, tutalowesha na muchuzi." Akafuta uso kwa ile khanga moja. "Na miye nitakuwa na neno la kumwambia mama yake. Leo sijaipata bado."

"Nitangoja," Safia akasema. "Nimezoea kungoja."

Akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na uvuguvugu.

"Baba Kamaldine!" aliita. "Njoo utafute mahali panya hawafiki."

Faradji akaleta kiti, akapanda, na akakifunga juu kabisa, chini ya mabati.