Gitaa Lililobaki Mfukoni

Jebet alilisoma jarida akiwa amesimama nje ya mkahawa wa Najma, glasi ya chai ikimchoma vidole. Wiki nzima, akihudumia wagonjwa wodini na akiwa kitandani usiku, alikuwa akilisubiri toleo hili kwa jambo moja tu: kujua kama wimbo wake, wa kwanza kuutunga, ulifaa. Wenzake wa kwaya wangemsifu hata angekohoa. Lakini jarida la muziki lingesema kweli. Kama si hivyo, lina kazi gani?

"Gitaa la Onyango lilitoboa nyoyo," ilisema habari yenyewe, "huku Jebet, ndani ya gauni lake la buluu, akiutikisa ukumbi."

Onyango mwenyewe, mpiga gitaa wa kwaya, aliyekuwa akisoma begani kwake, alicheka mpaka akapaliwa.

Ijumaa ile ya onyesho, kwenye majengo ya makanisa kule Mesaimeer, ibada iliyowatangulia ukumbini ilirefuka. Zamu yao ilipofika, muda wa kuunganisha vyombo vya muziki ulikuwa umekwisha. Gitaa halikutoka mfukoni. Waliimba kwa sauti na makofi tu.

Rodney, mwenye jarida, akatokea na kofia yake iliyoandikwa "Mhariri", bunda la nakala kwapani.

"Msanii wetu! Umeona tulivyokupamba?"

"Gitaa ulilisikia wapi, Rodney?"

"Aah, siz, niliandika Alhamisi. Si mazoezini mlikuwa nalo? Ijumaa nilikupiga picha mlangoni, nikaongeza gauni, nikakimbilia harusi kule Muaither."

Alisema hivyo bila hata kushusha macho, kama mtu anayesimulia alivyopata maegesho.

"Na wimbo?"

"Wimbo mkali! Zote kali. Jarida langu halina wimbo mbaya." Akampigapiga begani. "Wasomaji hawataki mambo ya beti. Wanataka gauni, nani anatoka na nani, basi."

"Msomaji ni mimi," alisema Jebet. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida, lakini haikutetemeka. "Nilitaka kuambiwa na mtu aliyesikiliza."

"Sasa unataka tukuponde?"

Jebet alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaona mtu mzima aliyejipa kazi ya masikio bila kuyatumia. Akamgeukia Onyango.

"Wewe ulikuwepo. Niambie."

Onyango alijikuna shavu. "Usikasirike, sista. Ubeti wa pili ni mrefu. Nilianza kuwaza supu. Lakini ule wa mwisho, mlipoacha makofi ukabaki peke yako... manze, nilitazama ukutani machozi yasionekane."

Jebet alihisi uso ukimwaka. Ubeti wa pili! Hata yeye ulikuwa ukimchosha, na alijua mistari ya kutoa.

"Nikuachie nakala ngapi?" aliuliza Rodney.

"Hii inatosha."

Jebet akaikunja mara mbili, picha ya gauni la buluu ikiwa juu, akailaza kwenye meza ya nje na kuweka glasi yake ya moto katikati.