Kipimo cha Saa Nane

Konokono ndio niliowaona kwanza. Alfajiri ile walikuwa wamepanda ukuta wa bwawa, nje kabisa ya maji, wamejipanga kama vifungo vya shati. Katika miaka sita ya kulisha samaki wa mjomba, sikuwahi kuwaona wakitoka majini wote kwa pamoja. Nikaweka chini ndoo ya pumba, nikawatazama. Kisha nikaendelea na kazi, maana bwawa halikuwa mikononi mwangu tena.

Lilikuwa la Mtaalamu. Jina hilo alipewa na baba yake, yaani mjomba wangu, siku aliporudi na cheti cha ufugaji wa samaki. Mama yangu alipofariki niliacha shule darasa la tano, nikaja kulelewa nyumba moja na huyu binti. Tulilala kitanda kimoja, tukachania kitana kimoja. Sasa ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni kwake. Mjomba aliponivua ufunguo huo alisema, "Upumzike kidogo, mama," kana kwamba kuna mtu alilalamika kuchoka.

Mtaalamu alitaka samaki wanenepe haraka. Pale nilipokuwa naweka nusu gunia la samadi ya kuku kwa wiki, yeye alimwaga magunia mawili. Maji yakawa ya kijani, mazito kama rangi ya kupaka mlango.

"Huo ni mwani, dada," aliniambia. "Unawalisha samaki, na unatengeneza hewa humo majini."

Kila siku saa nane mchana alishusha majini kipimo chake cha hewa, akasoma namba, akampelekea baba yake. Namba zilikuwa nzuri. Mjomba alitabasamu mpaka nikaona magego.

"Umeliona bwawa?" alimuuliza fundi wa nyavu, mzee jirani aliyekuja kutuzibia wavu. "Hiyo ndiyo elimu."

"Nimeliona. Kwa ukijani ule, mimi ningeingiza mbuzi."

Mtaalamu alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko changu hakikuwa kizuri.

Siku iliyofuata ile ya konokono, wingu lilifunga, jua likakosekana kutwa nzima. Kesho yake hivyo hivyo. Alfajiri zote mbili niliwakuta perege juu ya maji, midomo nje, wakihema. Dawa yake niliijua: kufungua mfereji maji mapya yaingie. Zamani nilikuwa nafungua mwenyewe. Sasa koki ya mfereji ilikuwa ndani ya stoo, na mwenye stoo alikuwa bado amelala.

Mchana akaja na kipimo, akakunja uso.

"Imeshuka kidogo. Labda ni hili wingu. Dada, wewe unafika mapema, asubuhi umeona chochote?"

"Mimi wa darasa la tano nione nini?"

"Jamani! Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Akaondoka taratibu, kipimo mkononi. Neno moja lingetosha. Nikalitafuna, nikalimeza.

Asubuhi ya tatu bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Mtaalamu alikimbia kufungua mfereji, kisha akaingia majini na gauni lake, akawa anawasukuma wachache waliobaki hai kuelekea maji mapya. Mjomba alikuja akasimama ukingoni.

"Cheti kinasemaje?" akauliza.

Mtaalamu akapanda ukingoni, gauni likichuruzika maji. Mjomba akamvua ufunguo, akanikabidhi mimi mbele ya fundi wa nyavu. Fundi, ambaye hakosi mzaha, siku hiyo aliangalia viatu vyake.

Wiki nzima Mtaalamu aliamka kabla yangu kupima maji. Taratibu yakaanza kurudia rangi yake, na wale samaki waliobaki wakaanza kula. Asubuhi moja akaniita.

"Nimelielewa sasa. Mchana mwani unatoa hewa, usiku unaivuta wenyewe. Ukizidi, unaimaliza. Jua likikosekana unakufa, na ukioza unamaliza hata ile iliyobaki. Na mimi kila siku napima saa nane, wakati bwawa limeshiba!" Akapangusa macho kwa kiganja. "Hata wewe, dada, usingeweza kujua."

"Ee," nikasema.

Ameolewa sasa, yuko mbali, na kila akipiga simu hunisifia bwawa. Mimi huitikia, nikamuuliza habari za watoto.

Nilijua, mdogo wangu. Nilijua siku mbili nzima kabla hawajafa, na ulipokuja kuniuliza kwa upole nilikunyima, kwa sababu nilitaka kumwona baba yako akikuonea aibu, hata kama ni kwa siku moja tu.