Kamba ya Pili

Wenzake kazini walimwita Kamba ya Pili, na jina lenyewe alijitafutia kwa mdomo wake. Alikuwa mkaguzi wa lifti, mtu wa kupanda ndege mara mbili tatu kwa mwezi kwenda kuingia kwenye mashimo ya lifti za watu katika nchi za watu, na kutoka humo amejaa grisi mpaka masikioni. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwake alilishwa somo lile lile: lifti haining'inii kwa kamba moja. Kamba ya chuma ikikatika, nyingine ishike, na hiyo nyingine iwe na nguvu ya kubeba mzigo wote peke yake.

Ubaya ni kwamba somo hilo hakuliacha kazini. Alisafiri nalo. Kadi mbili za benki mbili tofauti, moja kwenye pochi, nyingine ndani ya soksi begini. Nakala ya pasipoti aliitia chini ya soli ya kiatu, mpaka siku moja ofisa wa uhamiaji akaipokea kwa ncha za vidole. Ukikaa naye chai ya saa nne angekufundisha bila kuombwa: usibadilishe hela uwanja wa ndege, pale wanakunyoa bila maji. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa fedha ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Kabla ya safari iarifu benki unakwenda nchi gani, la sivyo kadi itakukana mbele za watu. Watu walimcheka, halafu wakifika ugenini walimkumbuka.

Kamba aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya simu. Mwaka mmoja aliibiwa simu kwenye stesheni ya treni, laini ya nyumbani ikaenda nayo. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, kwa hiyo alikaa siku nne na kadi nzima isiyomfaa kitu. Tangu hapo laini ya nyumbani haikusafiri tena. Iliishi ndani ya simu ndogo ya vitufe, kwenye droo ya mke wake. Yeye alinunua laini ya huko alikofika, na akitaka kulipa alimpigia mkewe, mkewe akamsomea tarakimu sita, mambo yakaisha. Hakuwahi kujiuliza kama kamba hiyo nayo ina ya pili. Mganga hajigangi.

Basi Jumapili moja asubuhi, akiwa hotelini ughaibuni na mafua yaliyomkausha sauti, mke wake akapiga.

"Usishtuke," alisema, na hapo hapo mwanamume akashtuka. "Presha imepanda, wamenilaza. Daktari anasema hawasubiri zile wiki tatu. Kesho saa mbili asubuhi wananipasua wamtoe mtoto."

"Nakuja."

"Tiketi yako si ya Alhamisi?"

"Nimesema nakuja."

"Simu yangu inazima, na chaja nimeisahau nyumbani. Ile ndogo anayo mama, yuko hapa nje kwenye benchi, mchana hawaruhusu mtu kuingia wodini. Uliniahidi, mume wangu." Simu ikazima.

Ahadi hiyo haikuwa ya mzaha. Katika miaka minane ya ndoa mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na mara zote mbili yeye alikuwa nchi za watu, akilia kwenye vyoo vya hoteli ili mhudumu asimsikie. Hii ya tatu aliapa atakuwepo, liwalo na liwe.

Uwanja wa ndege, dada wa kaunta ya tiketi alimwambia kiti kimebaki kimoja, ndege ya saa nane mchana. Inayofuata ni Jumatano. Tiketi yake ya Alhamisi ilikuwa ile ya bei nafuu isiyobadilishwa, kwa hiyo alitakiwa kununua mpya.

Akatoa kadi ya kwanza. Ikakataliwa. Akaijaribu tena, ikakataliwa tena, na ndipo akakumbuka. Benki aliiarifu nchi aliyoanzia, lakini Alhamisi iliyopita kampuni ilimsukuma ghafla mpaka nchi hii ya pili, na katika haraka hiyo akasahau kusema. Alipopiga benki alipigiwa muziki. Alipompigia mhasibu wa kampuni, simu ilikuwa imezimwa, Jumapili ya watu. Fedha taslimu alizofunga kiunoni hazikufika hata nusu ya nauli. Akafungua begi mbele ya foleni nzima, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa kadi ya pili. Hiyo mashine iliipokea kwa heshima, ikadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yake ndani ya dakika tano.

"Nakushikia kiti nusu saa," dada wa kaunta alisema, "si zaidi."

Mkaguzi akapiga ile simu ndogo.

"Haloo, mama, shikamoo. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mkweo. Kuna ujumbe umeingia sasa hivi kwenye hiyo simu, una tarakimu sita. Naomba unisomee upesi."

"Mkwe wangu ana sauti," mama mkwe alisema. "Wewe una kikohozi."

"Ni mafua, mama, ni vumbi la kazini..."

"Na namba hii ya kutoka wapi, ndefu kama treni? Kijana, leo umenikosa. Mkwe wangu mwenyewe alinikalisha kwenye kochi akaniambia: mama, atakayekuomba namba zilizotoka benki, hata akisema ni mimi, kata. Wanaiga mpaka sauti. Wewe hata kuiga hujaweza. Mwanangu yuko kitandani mnaniletea utapeli. Koma!" Akakata.

Ni kweli alimfundisha hivyo. Mwaka uliopita tapeli mmoja alibakiza kidogo tu amkombe mama huyu akiba yote, na mkaguzi akatumia Jumamosi nzima kumpa somo, akamrudia kwa maswali kama mtihani. Miaka yote aliyofundisha hakupata kuwa na mwanafunzi aliyeshika hivyo.

Akapiga tena. Mara ya tatu ndipo ikapokewa.

"Mama, usikate, nakuomba. Kesho saa mbili mwanao anapasuliwa. Niulize chochote. Siku ya harusi nilivaa suti ya kijivu."

"Picha ziko mtandaoni, kila mwizi anaziona."

"Nafanya kazi ya lifti."

"Na hilo liko mtandaoni."

Dakika tano zilikuwa zimeshapita, namba ya kwanza imekufa. Nyuma yake bwana mmoja mwenye mabegi matatu alimuuliza dada wa kaunta kama kile kiti kina mwenyewe. Dada akatazama saa. Mkaguzi aliona kabisa Jumatano ikimjia, na mkewe akiingizwa chumba cha upasuaji akigeuza kichwa kumtafuta.

"Haya," mama mkwe alisema taratibu. "Nitakuuliza moja tu. Siku mkwe wangu alipokuja kwangu kujitambulisha, kuna kitu kilivunjika sebuleni. Nani alikivunja?"

Uso wote ukamwaka moto.

Katika familia ile jibu lilijulikana na lilikuwa moja: paka. Mkwe mtarajiwa aliachwa peke yake sebuleni dakika chache, na waliporudi chupa mpya ya chai, yenye maua mekundu, ilikuwa imepasuka nyuma ya kochi. Mama mwenye nyumba akamlaani paka, paka akatolewa nje, na mgeni akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamlaumu paka pamoja na wengine. Jambo kama hilo humwambii mama mkwe. Unakwenda nalo kaburini.

Angesema paka, angekuwa amejibu kama shangazi, kama jirani, kama yeyote aliyewahi kusikia kisa hicho. Akafumba macho.

"Ni mimi, mama. Nilitaka kujimiminia chai, ikaniponyoka, ikaanguka. Nikafuta sakafu kwa kitambaa changu cha mkono, nikasukumia vipande na kitambaa nyuma ya kochi. Paka hakuwa na kosa. Nisamehe sana."

Alikuwa amepaza sauti. Foleni nzima ilimtazama.

Upande wa pili kikasikika kicheko kidogo, cha mtu anayejizuia kucheka hospitalini.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "hiyo namba ya mwanzo imeshachacha. Waambie walete nyingine."

Akamsomea moja moja, kwa utulivu, kama anayehesabu vidonge: saba, sifuri, sifuri, nne, moja, tisa. Mashine ikawaza, ikatoa karatasi. Dada wa kaunta akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkaguzi aliichukua tiketi, akatembea hatua kumi, akakaa chini sakafuni na begi lake lililo wazi na soksi yake mkononi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Raha aliyoisikia hakuwa na haja ya kumficha mtu.

Saa tatu usiku alikuwa wodini ameshika mkono wa mkewe. Asubuhi, saa mbili, alimsindikiza mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na mkewe alipogeuza kichwa, alimwona.

Kisha akakaa kwenye benchi na mama mkwe. Hawakutazamana. Mwishowe mama akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha bluu chenye mistari, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne.

"Cha kwako hiki. Jana nilipofuata chaja nilipitia kwangu nikakichukua."

Alikitambua mara moja. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Ulipoingia tu ulikuwa unajifutia jasho nacho."

"Na ukamsingizia paka, mama?"

"Ningefanyaje? Baba yao alikuwa anatafuta sababu ya kukukataa. Ningesema ni wewe, ungekosa mke. Paka hakuwa anaoa."

Mkaguzi alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Miaka minane alikuwa amening'inia kwa kamba ambayo hakuwahi kuikagua. Alitaka kushukuru, akaishia kujifuta macho.

Ndani, mtoto akalia. Walisimama wote wawili kwa pamoja. Nesi akafungua mlango, akateremsha barakoa, akatazama huku na huku.

"Baba wa mtoto ni nani hapa?"

"Ni huyu," mama mkwe akajibu kabla yake, akamsukuma begani. "Mpitishe. Nimeshamhakiki."